Saa 5:59 Usiku

Mfumo tunaoutumia kukusanya kazi za wanafunzi una safu moja ambayo kwa miaka miwili sikuwahi kuitazama. Iko upande wa kulia kabisa, baada ya jina, alama na maoni ya mwalimu, na kazi yake ni kuonyesha tu saa ambayo mwanafunzi alibonyeza kitufe cha kuwasilisha. Siku moja, nikimtafutia mwanafunzi zoezi alilodai kuwa amelituma ilhali mimi silioni, nilipanga orodha nzima kwa kufuata safu hiyo, na darasa langu likajipanga upya mbele yangu kwa namna ambayo sikuitegemea. 22:41. 23:07. 23:32. 23:50. 23:58. Zaidi ya nusu ya watoto wa miaka kumi na mitano na kumi na sita walikuwa wakimaliza hisabati zangu saa tano na ushei za usiku, na wa mwisho wao, kwa wiki nne mfululizo, alikuwa msichana yule yule ambaye nilikuwa nimemwandikia kwenye ripoti yake kwamba anasinzia darasani na hajitumi.

Nilijaribu kukumbuka ni nani aliyeamua kwamba kazi zifungwe saa 5:59 usiku, na ukweli ni kwamba hakuna aliyeamua. Ukifungua ukurasa wa zoezi jipya, mfumo wenyewe hukujazia tarehe ya kesho na saa 23:59, nawe, kwa kuwa una mazoezi matano ya kuandaa na chai inapoa, unabonyeza “hifadhi” na kusonga mbele. Enzi za daftari na kalamu nisingethubutu kumwambia mtoto aniletee kazi dakika moja kabla ya saa sita usiku. Ningeonekana nimerukwa na akili. Madaftari yalikusanywa na kiranja asubuhi, basi, na kama kuna aliyekuwa akinakili ya mwenzake kengele ikikaribia kulia, hilo nalo lilikuwa na mwisho wake. Sisemi kwamba wakati ule watoto walilala mapema wote. Ninachosema ni kwamba shule haikuwa imewaambia, kwa maandishi na kwa saa iliyopangwa, kwamba siku yao ya kazi inakwisha usiku wa manane.

Tangu hapo nimeamini kwamba mjadala wa teknolojia na ustawi wa mwanafunzi tunaufanya kwa kipimo kibovu. Tunahesabu saa za skrini kama anayehesabu vijiko vya sukari, kisha tunagombana kuhusu idadi. Mimi siku hizi nikiletewa chombo kipya cha kufundishia huuliza kwanza kimeondoa nini, kwa sababu karibu kila mara huwa kimeondoa kimoja kati ya vitu viwili, au vyote viwili kwa mpigo: mpaka na ugumu. Mpaka ni ule mwisho wa somo, wa siku, wa wiki. Ugumu ni ule wa kukaa na jambo usilolijua mpaka likufungukie. Vyote viwili huonekana kuwa kero, na anayetuondolea kero tunampokea kwa mikono miwili, lakini mtoto anayekua hukua kwa hivyo hivyo viwili.

Nianze na mpaka. Wataalamu wa tiba ya usingizi wanapendekeza kwamba vijana wa miaka 13 hadi 18 walale kati ya saa 8 na 10 katika kila saa 24. Sasa mchukue msichana wangu wa 23:58. Tuseme amezima simu papo hapo na usingizi umemjia baada ya nusu saa, naye anapaswa kuamka saa kumi na moja na nusu alfajiri ili awahi shule: amelala saa tano. Akifanya hivyo siku nne kwa wiki, deni lake linafika saa kumi na mbili kwa uchache, na halilipiki kwa kulala hadi mchana siku ya mapumziko. Husemwa sana kwamba mwanga wa skrini huchelewesha melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala, na ni kweli. Ni kweli pia kwamba katika umri wa kubalehe saa ya mwili yenyewe husogea mbele, kijana akawa hapati usingizi mapema hata angetaka. Hata hivyo naona mwanga unalaumiwa kupita kiasi, na anayesalimika katika lawama hizo ni sisi tunaotuma. Kitabu ukikifunga kimefungwa. Kundi la darasa kwenye simu ukilifunga linaendelea bila wewe, na unajua linaendelea: kuna aliyeuliza swali la nne, kuna aliyejibu, kuna mwalimu aliyeandika kwamba alama zimeshatoka.

Mwalimu huyo nilikuwa mimi. Nilijivunia kujibu maswali ya wanafunzi saa nne za usiku, na mzazi mmoja aliwahi kunishukuru mbele ya wenzake kwa kuwa “ninapatikana wakati wote”. Haikunijia akilini kwamba mwalimu anayepatikana wakati wote anazalisha wanafunzi wanaotakiwa kupatikana wakati wote.

Nikisema hivi wapo wanaodhani kwamba nataka turudi kwenye chaki na ubao tu. La hasha. Nimefundisha mwanafunzi asiyeona ambaye, kabla ya kupata kompyuta mpakato yenye programu ya kumsomea maandishi kwa sauti, alikuwa akisubiri mwenzake apate nafasi ndipo asomewe kurasa mbili. Baada ya kuipata alikuwa akimaliza sura nzima kabla ya wenzake wenye macho mawili, tena kwa kasi ya usomaji ambayo mimi masikio yangu hayakuweza kuifuata. Nimeona pia darasa zima likikaa kimya mbele ya mchoro wa parabola kwenye skrini, nikiburuta namba moja kwa kidole, na mkunjo ukawa unafumbuka na kufumba kama mdomo wa samaki, mpaka namba ilipovuka sifuri ukapinduka juu chini na mtoto mmoja nyuma akasema “aaah!” kwa sauti. Jambo lile nilikuwa nimelieleza kwa maneno mwaka uliotangulia kwa vipindi vitatu, na hakuna aliyesema “aaah”.

Tofauti iko wapi? Kompyuta ya yule kijana asiyeona iliondoa ugumu uliokuwa njiani, si ule uliokuwa ndani ya kazi yenyewe: alipofika kwenye hesabu, alizitoa jasho kama wengine. Kumtengenezea mtu njia ni jambo moja, kumbebea mzigo aliotumwa aubebe ili apate nguvu ni jambo jingine, na vyombo vingi vinavyouzwa mashuleni hufanya la pili huku vikitangazwa kwa jina la la kwanza.

Ahadi zenyewe si ngeni. Mwaka 1913 Thomas Edison alitabiri kwamba vitabu vitaondoka mashuleni na filamu zitachukua nafasi yake, na kwamba mabadiliko hayo yangekamilika ndani ya miaka kumi. Baadaye ikaja redio, ikaja televisheni, zikaja mashine za kufundishia za mwanasaikolojia B. F. Skinner katika miaka ya 1950. Peru iligawa kompyuta mpakato kwa watoto wa shule za msingi kwa wingi, na watafiti walipofuatilia shule 319 za vijijini, ripoti ikatoka mwaka 2012, hawakuona tofauti yoyote katika alama za hisabati na lugha kati ya waliopewa na ambao hawakupewa. Mashine zilikuwepo, watoto walizitumia, ila kilichofanyika darasani kilibaki kilekile.

Kisha likaja janga la mwaka 2020. Shule zilifungwa katika nchi zaidi ya 190, wanafunzi wapatao bilioni 1.6 wakabaki nyumbani, na kila aliyeweza akahamishia darasa kwenye skrini kwa haraka ya mtu anayehamisha vyombo nyumba ikiungua. Haraka ile ilikuwa na sababu. Kosa letu, naona, ni kwamba moto ulipozimika hatukurudi kupanga vyombo: saa 5:59 usiku ni mabaki ya wakati ule, na hakuna aliyekaa chini kuuliza kama bado tunaihitaji.

Hapa kwenye ugumu nitakaa kidogo, kwa kuwa ndiko nilikoumia zaidi kama mwalimu. Nilitoa mlinganyo wa kipeo cha pili, x² + 6x − 7 = 0, nikataka utatuliwe kwa kukamilisha mraba. Kijana mmoja, mpole, mtaratibu, aliniletea jibu ambalo ningelitundika ukutani: kila hatua iko kwenye mstari wake, kila mstari una maelezo, na mwishoni x = 1 au x = −7 vimepigiwa mstari. Kesho yake nilimwita ubaoni kwa zoezi linalofanana na lile, namba zikiwa zimebadilishwa. Akaandika swali. Akasimama. Alishika chaki muda mrefu hata vidole vikawa vyeupe. Nikamrudisha kwenye lile la jana, nikamuuliza kwa nini tuliongeza 9 pande zote mbili. Akanijibu kwa adabu, “Mwalimu, ndivyo inavyofanywa.”

Hakuwa amenidanganya kwa namna tuliyozoea kuita udanganyifu. Alikuwa ameiuliza programu ya akili mnemba, ikamfanyia, akaisoma kazi yote, akaielewa kila hatua, akainakili kwa mkono wake. Aliposoma kwamba nusu ya 6 ni 3 na mraba wa 3 ni 9, aliitikia kwa kichwa kama anavyoitikia mtu anayeonyeshwa njia akiwa ndani ya gari. Tatizo ni kwamba kuelewa jibu la mwingine kunafanana mno, kwa hisia, na kujua. Na aliye ndani ya hisia hiyo hana namna ya kutambua tofauti mpaka aachwe peke yake na chaki.

Utafiti mmoja uliofanywa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania kwa wanafunzi karibu elfu moja wa sekondari nchini Uturuki ulinifanya nione kwamba yule kijana hakuwa peke yake. Kundi moja lilifanya mazoezi ya hisabati likiwa na akili mnemba ya kawaida, ile inayojibu chochote unachouliza, na alama zake za mazoezi zikapanda kwa asilimia 48 kuliko za waliokuwa na vitabu na daftari tu. Ulipofika mtihani na chombo kikaondolewa, kundi hilo lilipata alama za chini kwa asilimia 17 kuliko wale wa daftari. Kundi la tatu lilipewa chombo kile kile kilichofungwa mdomo kwa maelekezo ya walimu, kikawa kinatoa vidokezo bila kutoa jibu, nalo madhara hayo yalikaribia kutoweka kabisa. Mimi lakini sikushangazwa na tarakimu kiasi cha nilivyoshangazwa na jambo dogo lililoambatana nazo: waliodhurika hawakuhisi kwamba wamejifunza kidogo.

Saikolojia ilishajua hili kabla ya akili mnemba. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Baadhi walirudia kusoma, wengine walifunga kifungu na kujaribu kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka kama asilimia 56, waliosoma tena asilimia 42. Kujikuna kichwa kutafuta kitu ambacho hakitaki kuja, kumbe, ndiko kunakokifanya kikae. Chombo kinachokupa jibu kabla hujajikuna kinakuibia sehemu hiyo, na kinakuibia kwa upole, huku ukikishukuru.

Na hapo hatujagusa tabia, ambayo kwangu ni kubwa kuliko alama. Mtoto aliyewahi kushindwa na hesabu usiku kucha akaipata asubuhi ana kitu ambacho hakiandikwi kwenye cheti: anajua kwamba kutojua hakuui. Asiyepata nafasi ya kushindwa kwa namna hiyo, akiwa na miaka ishirini na mitano na tatizo ambalo halina kitufe, sijui atalishika wapi.

Kosa langu jingine lilikuwa la vinara. Jukwaa tulilolitumia lilikuwa na beji, nyota, na mfululizo wa siku ambao hukatika ukikosa kuingia hata siku moja, na juu yake kuna orodha ya vinara inayoonekana na darasa zima. Niliiwasha kwa furaha. Wiki mbili za kwanza darasa lilichangamka mno. Baadaye nikagundua kwamba wanaopanda ni wale wale watano, kwamba kuna waliokuwa wakirudia maswali mepesi ya sura ya kwanza kwa sababu yanatoa nyota sawa na magumu, na kwamba mvulana aliyekuwa mkiani ameacha kabisa kuingia. Mfululizo wake ulikatika siku alipougua homa, na aliporudi mfumo ulimpokea kwa picha ya mwali uliozimika. Nimefundisha miaka mingi na nimewahi kuwa mkali, lakini sijawahi kumchorea mtoto mgonjwa moto uliozimika. Niliizima orodha siku hiyo hiyo. Kuna waliolalamika, wote wakiwa wa tano bora.

Serikali kadhaa zimechagua njia ya kupiga marufuku. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2018 ya kuzuia simu katika shule za msingi na za kati. Uholanzi ilianza na sekondari Januari 2024. Na UNESCO katika ripoti yake ya mwaka 2023 ilieleza kwamba nchi zenye sheria au sera za namna hiyo zilikuwa hazijafika robo. Siipingi hatua hiyo. Katika upimaji wa kimataifa wa wanafunzi wa miaka 15, uitwao PISA, wa mwaka 2022, wastani wa theluthi mbili hivi ya wanafunzi wa nchi za OECD, umoja wa nchi ambazo nyingi zimeendelea kiuchumi, walisema kwamba vifaa vya kidijitali huwavuruga angalau katika baadhi ya vipindi vya hisabati, na zaidi ya nusu walivurugwa na kifaa cha mwenzao, yaani hata mtoto aliyeacha simu yake nyumbani analipia ya jirani. Ila upimaji huo huo ulionyesha kwamba waliotumia vifaa kwa kujifunzia hadi saa moja kwa siku shuleni walipata alama za juu kuliko ambao hawakuvitumia kabisa. Na marufuku ina tundu moja ambalo sisi walimu hatupendi kulitaja: tunainyang’anya simu langoni asubuhi, jioni tunaituma hiyo hiyo ikafanye kazi yetu, halafu tunamlaumu mzazi kwamba hadhibiti.

Kwa hiyo nilibadilisha saa. Nikaweka saa kumi na mbili jioni, nikatangaza kwa majivuno kidogo kwamba katika somo langu usiku ni wa kulala, nikasubiri kushukuriwa. Wiki ya kwanza msichana wa 23:58 hakuwasilisha chochote. Wiki ya pili pia. Nilipomwita alisimama akitazama ncha ya kiatu chake.

“Mwalimu, simu ni ya mama. Hurudi saa mbili usiku, na akifika kwanza anamaliza simu zake za kazi.”

Miezi yote ile nilikuwa nimemwita mzembe, na ripoti ya uzembe nilikuwa nimeitia sahihi kwa mkono wangu. Alikuwa akingoja zamu yake, anapata simu saa tano, anapiga picha kazi aliyokwisha kuifanya mchana kwenye daftari, na kuituma kabla mlango haujafungwa. Mpaka wangu mpya, uliokuwa wa kumlinda, ulikuwa umemfungia nje kabisa. Aliyesema awali kwamba teknolojia huleta usawa hakuwahi, nadhani, kuipangia foleni simu moja.

Sasa ninapokea daftari. Anayetaka kutuma kwa mfumo atume, ana siku mbili, na kazi inafungwa jioni. Anayetaka kuniletea daftari mkononi aniletee, na lazima nione mistari iliyokatwa, kwa sababu kazi isiyokuwa na hata kosa moja siku hizi hunitia wasiwasi. Akili mnemba wanaitumia darasani, mbele yangu, baada ya kujaribu wenyewe, na mara nyingi ninawapa jibu lililoandikwa na mashine lenye hatua mbovu ndani yake walitafute kosa, kazi ambayo wanaipenda kupita kiasi. Ujumbe wanaonitumia baada ya saa mbili usiku simu yangu inaushikilia mpaka asubuhi. Hilo la mwisho lilinigharimu mimi kuliko wao. Wiki za mwanzo nilikuwa nikiamka usiku kuchungulia kama kuna aliyekwama.

Mwezi uliopita asubuhi moja nilikuta ujumbe wa msichana yule, ulioandikwa saa mbili na dakika hamsini na mbili usiku: amekwama kwenye swali la sita, majibu yake hayalingani na ya mwisho wa kitabu, anaomba msaada. Niliandika nusu ya jibu, nikaona bora nimwone mwenyewe. Alinikuta mlangoni kabla sijaketi, daftari tayari limefunguliwa, akanyoosha kiganja kama anayezuia gari.

“Usinijibu, Mwalimu. Nimeshaipata.”

Kulikuwa na majaribio matatu yaliyokatwa kwa mstari wa mlalo, moja limekatwa kwa hasira hata karatasi imechanika kidogo, na la nne chini yake lilikuwa safi. Aliweka kidole kwenye jaribio la pili, pale ambapo 9 ilikuwa imesimama upande wa kushoto bila mwenzake.

“Nilikuwa ninaongeza upande mmoja tu,” alisema.